Simu ya abiria na mitambo ya ndege: tuweke namba mezani

#1 mulika_mwizi
Wakuu, salaam. Kila ukipanda ndege unaambiwa uzime simu au uiweke katika hali ya ndegeni. Wapo wanaoapa kwamba simu moja inaweza kuiangusha ndege, wapo wanaosema ni vitisho vya bure. Maswali yangu ni matatu. Simu inavuruga nini hasa? Kama inavuruga, mbona haikusanywi mlangoni kama wanavyokusanya visu? Na kama haivurugi, mbona tangazo halijaondolewa mpaka leo?

Naomba wenye fani. Za "nilisikia" tunazo za kutosha.

#2 Mnara_Mtupu
Mkuu, kwanza tenganisha makatazo mawili ambayo watu huyapika chungu kimoja.

La kwanza ni la watu wa minara. Marekani, tume yao ya mawasiliano, FCC, ilipiga marufuku simu za masafa ya 800 megahezi angani mwaka 1991, na sababu haikumhusu rubani. Ukiwa chini, simu yako inaona minara michache tu. Mingine imezibwa na majengo, miti na vilima. Ukiwa mita 10,700 juu, upeo wa macho unafika kama kilomita 370, na mawimbi ya redio hujipinda kidogo yakavuka 400. Hakuna cha kuyaziba. Simu moja inasikika kwenye mamia ya minara kwa mkupuo, na minara hiyo imepangiwa kutumia masafa yaleyale kwa kurudiarudia, kwa hesabu kwamba simu ya Morogoro haisikiki Dodoma. Ukiwa angani inasikika kote kuwili.

FCC ilipendekeza mwaka 2013 kulegeza katazo hilo, na Novemba 2020 ikalifuta pendekezo lenyewe. Kwa hiyo katazo la minara lipo palepale.

La pili ni la mamlaka za usafiri wa anga, na hilo ndilo la mitambo. Hapo nawaachia wenye ndege yao.

#3 mulika_mwizi
Asante mkuu. Lakini mbona watu wanasema ndege ikishapanda simu haishiki kabisa? Kama haishiki, inasumbua minara vipi?

#4 Mnara_Mtupu
Inashika kwa mashaka. Antena za mnara zimeinamishwa kuelekea ardhini. Kinachopanda juu ni masazo tu. 2G ina ukomo mwingine: mnara hupima kuchelewa kwa mawimbi ya simu kwa hatua 63, kila hatua kama mita 550, jumla kilomita 35. Simu iliyo mbali zaidi ya hapo, hata isikike vizuri, mnara wa kawaida hauwezi kuipangia zamu. Ongeza mwendo. Ndege ikienda kilomita 900 kwa saa moja kwa moja kuelekea mnara, masafa ya 900 megahezi yanahama kwa hezi 750 hivi, na ya 1800 yanahama mara mbili ya hapo.

Niwasahihishe na jambo moja ambalo hata watu wa fani hulikosea. Husemwa kwamba simu ikikosa mtandao "inapiga kelele kwa nguvu zote kuutafuta". Sivyo. Simu iliyokosa mtandao inasikiliza tu: inapekua masafa moja baada ya jingine, na ndiyo maana betri inakwisha haraka. Inarusha pale inapoona mnara na kutaka kujiandikisha. Kwa hiyo wakati mbaya si kule juu kabisa. Ni dakika za kupaa na za kushuka, ambapo minara inaonekana, inapotea, inakuja mingine, na kila ukiingia eneo jipya simu inajiandikisha upya, mara nyingi kwa nguvu yake ya juu kwa sababu mnara uko mbali. Na dakika hizohizo ndizo rubani anazozitegemea redio zake kuliko wakati mwingine wowote.

#5 waya_na_antena
Hapo umenipa pa kuanzia, mkuu.

Watu huuliza "simu ina nguvu kiasi gani?" Swali lenyewe ni redio ya ndege inasikiliza sauti ndogo kiasi gani. Chukua ILS, ule mfumo unaomwongoza rubani kuteremka kwenye njia ya kurukia. Sehemu yake ya kulia-kushoto hurusha kati ya megahezi 108 na 112. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ukingoni mwa huduma yake, maili 25 za baharini, uga, yaani nguvu ya mawimbi mahali yanapopokelewa, unatakiwa usipungue mikrovolti 40 kwa mita. Mikrovolti, si milivolti. VOR, redio ya ardhini inayomwonyesha rubani mwelekeo, ni 90. Sehemu ya juu-chini ya ILS, iliyoko megahezi 329 hadi 335, ni 400. GPS usiiguse: inafika ardhini ikiwa kama −130 dBm, nguvu ambayo ukiiandika kwa wati ni sifuri, nukta, kisha sifuri kumi na tano kabla hujafika kwenye 1.

Simu haina ruhusa ya kurusha kwenye masafa hayo, na hairushi kwa kukusudia. Lakini kila kirushio kina uchafu unaomwagika pembeni. Kwa simu ya GSM (ndiyo 2G) inayorusha, kiwango kinaruhusu uchafu wa hadi −36 dBm chini ya gigahezi 1, yaani nanowati 250. Tupige hesabu kwa kanuni ya fundi: uga kwa volti kwa mita ni takriban 7 mara kipeuo cha pili cha wati, ugawe kwa umbali. Kipeuo cha pili cha 0.00000025 ni 0.0005. Mara 7 ni 0.0035. Umbali mita 10: mikrovolti 350 kwa mita.

Linganisha na 40.

Msishtuke bado. Hesabu hiyo imedhani mambo matatu: kwamba simu inachafua hadi mwisho wa ruhusa yake, kwamba uchafu umeangukia kwenye chaneli ileile rubani aliyoifungua, na kwamba hakuna kitu kati ya simu na antena. Kwa kweli simu nzuri inachafua chini sana ya kiwango, chaneli ya ILS ni nyembamba, na antena ziko nje ya bodi ya alumini. Mawimbi ya ndani yanatoka kupitia madirisha na nyufa za milango, kisha yanatambaa juu ya ngozi ya ndege mpaka kwenye antena, na njiani yanapungua mara maelfu. Na ndege iliyokaribia uwanja haiko tena ukingoni. Inaipata ILS kwa nguvu kuliko hiyo mikrovolti 40.

Lakini mmeona tatizo lilivyo. Simu nzima iliyojengwa kihalali inaachiwa nafasi na kuta na bahati ya masafa. Simu iliyodondoka mara tano, ikafunguliwa na fundi wa mtaani, kile kifuniko cha bati juu ya saketi yake kikarudishwa nusunusu au kikatupwa, hiyo haifuati tena kiwango cha mtu.

#6 kiswaswadu_original
Swali la kijinga wakuu: ndege ina abiria 180. Basi tuzidishe kila kitu kwa 180?

#7 waya_na_antena
Si la kijinga. Nguvu ndizo zinazojumlishwa, uga unapanda kwa kipeuo cha pili. Simu 100 zenye nguvu sawa, umbali sawa, masafa sawa, zikirusha sekunde ileile, zinatoa uga mara 10 ya simu moja. Na hazirushi pamoja: 2G inagawa muda kwa zamu 8, 4G inagawa masafa, na aliye siti ya 28 yuko mbali na antena kuliko wa siti ya 4. Kwa kawaida inayoleta shida ni simu moja iliyo mahali pabaya. Wingi wa simu unaongeza tu uwezekano wa moja kuwa pale.

#8 RedioYaBetri
Niongeze historia fupi, kwa sababu kanuni hii haikuanza na simu. Ilianza na redio za kusikilizia muziki.

Redio ya FM ya zamani inatengeneza wimbi lake la ndani lililo megahezi 10.7 juu ya stesheni unayosikiliza. Ukifungua 98.0 FM, ndani yake kuna kirushio kidogo cha 108.7, na 108.7 ni chaneli halali ya ILS. Stesheni zote za kuanzia 97.3 hivi hadi 107 zinaangukia kwenye masafa ya VOR na ILS. Abiria anasikiliza mpira, sindano ya rubani inapata mgeni. Marekani waliweka kanuni dhidi ya redio hizo mwaka 1961. Kanuni yao ya leo, 91.21, ni mtoto wa ile. Inaruhusu vinasa sauti, vifaa vya kusaidia kusikia, vidhibiti mapigo ya moyo na mashine za umeme za kunyolea ndevu, halafu inaongeza: na kifaa kingine chochote ambacho mwendesha ndege amejiridhisha hakitaingilia mawasiliano na mitambo ya ndege.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo jibu la swali la visu, mkuu mulika_mwizi. Kanuni haisemi simu ni hatari. Inasema mwenye ndege athibitishe kwamba si hatari kwa ndege *yake*. Kabla hajathibitisha, jibu ni hapana.

#9 waya_na_antena
Hapo umegonga. Na mlango wa antena ni mmoja tu. Upo mlango wa nyuma: mawimbi ya simu yenyewe, yale halali ya 900 au 1800, yanaingia kwenye waya na masanduku bila kupitia antena yoyote.

Kwa kanuni ileile ya 7: simu ya 2G kwenye 900 inafika wati 2. Mita 1, uga ni volti 10 kwa mita. Sentimita 30, volti 33. Simu ya 4G ina wati 0.2, kwa hiyo mita 1 ni volti 3, sentimita 30 ni volti 10. Mita 10 kutoka kwenye 2G ni volti 1.

Sasa vifaa vya ndege hupimwa kwa kitabu kinachoitwa DO-160, sehemu ya 20, chenye madaraja. Daraja S ni volti 1 kwa mita. T ni 5. R ni 20, W ni 100, Y ni 200. Kompyuta ya kuongoza injini ya ndege ya leo iko daraja la juu, simu yako kwake ni inzi. Sanduku la redio la miaka ya 70 lililobaki kwenye ndege ndogo halikupimwa kwa viwango hivyo.

Uingereza, mamlaka yao ya anga, CAA, walilipima hili. Mwaka 2000 walitoa matokeo ya vipimo ndani ya ndege zilizoegeshwa: simu ikirusha kabinini inaweza kuzidi kiwango ambacho vifaa vilivyoidhinishwa kabla ya Julai 1984 vilithibitishwa kukistahimili. Mwaka 2003 wakaweka vifaa vya ndege ndogo maabara na kuvirushia mawimbi ya mfano wa simu. Waliyoyaona: dira iliganda au ikapitiliza, VOR ya kidijitali ikakosea hadi digrii 5, kionyeshi cha "kwenda/kutoka" kikageuka kinyume, sindano ya ILS ikahama, na mara nyingine ikahama *bila bendera ya onyo kutokea*, ile alama inayomwambia rubani asikiamini kifaa. Usikivu wa ILS ukapungua, kelele zikaingia kwenye sauti.

Hilo la bendera lisomeni mara mbili. Kifaa kikizima, rubani anajua. Kifaa kinachodanganya kwa utulivu ndicho kibaya.

#10 mulika_mwizi
Basi niulize lile la wazi. Kuna ndege iliyowahi kuanguka kwa sababu ya simu?

#11 SikioLaRubani
Hakuna ajali ya ndege kubwa ya abiria iliyothibitishwa kusababishwa na simu. Ajali ambayo simu imetajwa kwa uzito kwenye ripoti rasmi ni ya Christchurch, New Zealand, tarehe 6 Juni 2003. Piper Navajo Chieftain, injini mbili za pistoni, ikishuka kwa ILS usiku. Ilishuka chini ya njia yake ikagonga ardhi kabla ya kufika uwanjani. Walikufa wanane, rubani akiwa mmojawao, wakanusurika wawili. Wachunguzi wakakuta simu ya rubani mwenyewe ilikuwa imeunganishwa hewani katika dakika tatu za mwisho. Hawakusema simu ndiyo iliyoangusha. Walisema huenda ilichangia kionyeshi cha kushukia kutoa taarifa za uongo.

Angalia umbali: simu ya rubani, ndani ya kokpiti ndogo, karibu kabisa na masanduku. Abiria wa siti ya 22 kwenye Airbus ni hesabu nyingine kabisa.

Mengine yote ni ripoti za marubani. Ripoti zinafanana: sindano inayumba, wahudumu wanatembea kabinini wakizima vifaa, sindano inatulia. Fundi akija uwanjani haoni kitu, kwa sababu abiria wameshashuka na vifaa vyao. Ushahidi wa namna hiyo huwezi kuufunga kesi, wala huwezi kuutupa.

Na kwa wanaodhani watu wanatii: watafiti wa Carnegie Mellon walipanda ndege za Marekani mwishoni mwa 2003 na kifaa cha kupima mawimbi. Walikuta kwa wastani simu moja hadi nne zinapigwa kwenye kila safari.

#12 Pwaguzi
Ndo mmejijibu. Simu zinapigwa kila siku, ndege hazianguki. Na mwaka 2013 Wamarekani wenyewe wakaruhusu. Hii ni biashara ya kuuza Wi-Fi ya ndegeni tu.

#13 SikioLaRubani
Pwaguzi, soma walichoruhusu. Oktoba 31, 2013 FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, walikubali vifaa vitumike kutoka mlangoni hadi mlangoni, *vikiwa katika hali ya ndegeni*, na shirika lithibitishe kwanza ndege zake. Ulaya, wakala wao wa usalama wa anga, EASA, wakafuata Desemba 2013, na Septemba 2014 wakaenda mbali zaidi: shirika likishapima ndege zake, hata simu inayorusha inaweza kuruhusiwa. Kwa hiyo mashirika mawili yenye ndege za aina moja yanaweza kukupa matangazo tofauti na yote yakawa sahihi.

FAA waliacha tundu moja: takriban asilimia 1 ya safari, kutua kwenye ukungu mzito, ambapo mfumo wa kutua haujathibitishwa kuhimili vifaa. Hapo rubani ataamuru vizimwe kabisa. Ukisikia tangazo hilo, lina sababu.

Kuthibitisha kwenyewe si kutia saini. Ndege inafungwa milango yote, inapewa umeme wa mashine yake yenyewe ya mkiani na si wa kebo ya uwanjani, maana kebo ile nayo ni antena inayoharibu kipimo. Mitambo yote inawashwa. Fundi anapita na kirushio chenye antena, siti kwa siti, karibu na madirisha, milango, jikoni na mlango wa kokpiti, akirusha kila masafa ya simu na Wi-Fi kwa nguvu iliyozidi ya simu halisi, wimbi tulivu kisha wimbi la mapigo. Mwenzake yuko mbele anaangalia kila skrini, kila bendera, kengele ya moshi wa chooni, vitambuzi vya milango. Kikicheza kitu, wanarudia pale pale mpaka wajue ni waya gani.

#14 waya_na_antena
Na vipimo hivyo vimewahi kukamata samaki mkubwa. Skrini za Honeywell za kizazi cha tatu kwenye Boeing 737 za kizazi cha NG na 777, zile zinazoonyesha mwendo, kimo na mwelekeo, zilionekana zinaathirika na mawimbi ya masafa ya Wi-Fi kwa nguvu iliyo *chini* ya ile zilizotakiwa kuihimili. Mwaka 2014 FAA wakatoa agizo zibadilishwe, wakatoa miezi 60, kwa ndege zaidi ya 1,300 za Marekani peke yake. Haikuwahi kutokea skrini ikazima hewani kwa sababu ya abiria. Ilionekana kwenye majaribio. Pwaguzi unayesema tangazo ni biashara tu, ndege hizo zilikuwa zinaruka siku zote hizo.

Halafu kuna uzee. Ndege ikitoka kiwandani, kila waya muhimu una ganda la nyuzi za shaba zilizosukwa, limefungwa kwenye bodi pande zote mbili. Viungo vya bodi kwa bodi vinatakiwa visizidi kama miliomu 2.5. Miaka ishirini ya unyevunyevu wa chumvi, kama tunayoijua sisi watu wa pwani, inaweka kutu ya kijani kwenye kiungo, kifuniko cha nyuma cha plagi kinalegea, fundi aliyekuwa na haraka anaacha ganda la waya linaning'inia sentimita tano badala ya moja. Sentimita 8 ni robo ya wimbi la 900 megahezi. Umejitengenezea antena ndani ya kinga. Waya uleule uliofaulu kiwandani sasa unanasa simu.

#15 kiswaswadu_original
Sasa huku kwetu. Caravan ya Dar–Zanzibar, kile kindege cha injini moja, unakaa karibu na rubani kabisa, na mfukoni una kitochi, simu ya batani. Inakuwaje?

#16 waya_na_antena
Huko ndiko swali hili lina uzito, ndugu yangu. Mambo matatu.

La kwanza ni sauti. GSM inarusha kwa mapigo, moja kila milisekunde 4.6, yaani mara 217 kwa sekunde. Waya wa hedifoni unanasa, kikuza sauti kinayageuza mapigo kuwa mlio, na rubani anasikia ile "trr-trr-trr, trr" mnayoijua kwenye spika ya redio nyumbani kabla simu haijaita. Muda huohuo mwongoza ndege anamtajia kimo na masafa mapya. Namba moja ikizamishwa na mlio, atauliza tena kama amegundua. Kama hakugundua, hatauliza.

Fundi anayeletewa lalamiko la mlio huo afuate utaratibu: badilisha hedifoni kwanza, maana ndiyo mkosaji wa mara kwa mara, kisha angalia ganda la waya wa maikrofoni kwenye soketi, kisha paneli ya sauti. Hedifoni zilizotengenezwa vizuri zina kapasita ndogo ya pikofaradi 33 hivi kwenye maikrofoni kuimeza 900, na ya 10 kwa 1800. Usijiongezee yako kwenye kifaa cha ndege bila hati ya idhini.

La pili ni dira ya sumaku, ile ya kimiminika juu ya dashibodi. Hii haihusu mawimbi. Simu ina sumaku kwenye spika, na za sasa zina duara zima la sumaku mgongoni la kuchajia. Ukiiweka juu ya dashibodi, dira inahama hata simu ikiwa imezimwa. Hali ya ndegeni haizimi sumaku.

La tatu ni umbali. Siti ya mbele kulia, simu mfukoni mwa shati, masanduku ya redio yako karibu na magoti yako. Umerudi kwenye zile sentimita za Christchurch.

#17 mulika_mwizi
Huku Kenya kitochi ndiyo mulika mwizi yenyewe 😀 Na nyingine hazina hali ya ndegeni.

#18 waya_na_antena
Basi zima kabisa. Na nyingi za hizo ni 2G tupu, zile za wati 2. Simu ya elfu thelathini inaweza kurusha kwa nguvu mara kumi ya simu ya milioni mbili iliyo kwenye 4G. Bei haina undugu na nguvu.

#19 RedioYaBetri
Vipi ile ya 5G ya Januari 2022? Emirates walisimamisha safari za miji kadhaa ya Marekani.

#20 SikioLaRubani
Ile ilihusu minara zaidi ya simu za abiria. Kipima-kimo cha redio cha ndege kinarusha wimbi chini na kupima linavyorudi, kwenye gigahezi 4.2 hadi 4.4. Marekani waliuza 3.7 hadi 3.98 kwa 5G, wakawasha Januari 19, 2022. Kati yao kuna nafasi ya megahezi 220, lakini vipima-kimo vya zamani havina chujio kali, vinasikia jirani anayepiga kelele. Ulaya 5G ya masafa hayo inaishia 3.8, nafasi ni kubwa zaidi. Suluhisho lilikuwa kupunguza nguvu za minara karibu na viwanja huku mashirika yakifunga vichujio.

Kwa nini kipima-kimo kinaogopwa hivyo? Februari 25, 2009, Boeing 737-800 ya Turkish Airlines ilikuwa inashuka Amsterdam. Kipima-kimo cha kushoto kikaonyesha futi −8 ndege ikiwa bado juu. Mfumo unaodhibiti wenyewe nguvu za injini ukaamini ndege imefika chini, ukazishusha nguvu hizo hadi chini kabisa. Marubani waligundua wamechelewa. Walikufa tisa. Simu haikuhusika hata chembe. Naileta kuonyesha namba moja ya uongo inaweza kufika wapi.

#21 Mnara_Mtupu
Nimalizie upande wangu, maana kuna anayeuliza kwenye ujumbe: mbona ndege nyingine za Ghuba unapiga simu kawaida?

Emirates walianza Machi 20, 2008, safari ya Dubai–Casablanca, kwa mfumo wa AeroMobile. Ndani ya ndege kuna mnara mdogo. Kwa kuwa uko mita chache kutoka kwako, unaiamuru simu ishushe nguvu hadi chini kabisa. Kwa GSM 1800 ni miliwati 1, kutoka 1,000. Pamoja nao kuna kifaa kinachotoa kelele hafifu kwenye masafa ya minara ya ardhini, ili simu isiione minara ya chini ikajaribu kuifikia. Mfumo unawashwa ndege ikishapita mita 3,000. Kwa hiyo simu iliyounganishwa na mnara wa ndani ni tulivu kuliko simu ya mtu aliyesahau kuizima kwenye ndege isiyo na mnara.

Tahadhari ni ya mfuko. Mtandao huo hauna nchi. Namba yake huanza na 901, na vifurushi vyako vya kawaida vya ughaibuni mara nyingi haviugusi. Simu ikijiunga huku WhatsApp inapakua video za kundi la harusi, bili utaikuta umeshuka. Kabla hujapanda: zima data ya ughaibuni, weka hali ya ndegeni, halafu ukitaka Wi-Fi iwashe peke yake. Hakikisha kuwasha Wi-Fi hakujawasha na mtandao wa simu; kwenye simu nyingi alama ya ndege lazima ibaki juu.

#22 kiswaswadu_original
Na Bluetooth? Na GPS ya simu?

#23 waya_na_antena
Bluetooth ya masikioni ni miliwati 2.5 kwa kawaida, na mashirika mengi yanairuhusu. GPS ya simu inapokea tu, hairushi. Ukikaa dirishani itakuonyesha uko juu ya Tanga bila kumsumbua mtu.

Kinachowashughulisha wahudumu siku hizi kuhusu simu yako ni betri. Pawa benki inakaa kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye sanduku la chini, na isizidi wati-saa 100 bila idhini ya shirika: ya mAh 20,000 ni 74, ya 27,000 inagusa ukingo. Ikikutumbukia simu kati ya viti, usirudishe kiti wala kukisogeza kuitafuta. Kiti cha umeme kinaipinda, betri inapasuka, na unawasha moto ambao gesi ya kizimio inazima miali tu bila kuupoza. Wanahitaji maji mengi juu yake. Mwite mhudumu, watafungua kiti.

#24 mulika_mwizi
Nimeelewa. La mwisho wakuu: kwenye Caravan, nikisahau nikasikia trr-trr kwenye hedifoni ya rubani, nimguse bega nimwambie?

#25 SikioLaRubani
Usimguse, hasa akishuka. Izime tu. Yeye ameshaisikia, na anajua imetoka kwa nani.